Telefoni ya kutuliza mawazo: wagonjwa wanaikubali wapi, na wanaikataa juu ya nini

Mama mmoja anaingia kwenye kituo cha afya. Anasema kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma, usingizi hakuna, moyo unapiga mbio hata akiwa amekaa. Wanapima malaria, hakuna. Wanampa parasetamoli na vitamini. Baada ya wiki mbili anarudi, maneno ni yale yale. Kila muuguzi wa huku mashariki anamjua mama huyo, na mara nyingi anajua pia kilichompata: nyumba iliungua, mtoto hajulikani alipo, ama kuko jambo alifanyiwa njiani kwenda shamba ambalo hawezi kulitaja wakati watu wanangoja nyuma ya pazia.

Muuguzi ana dakika kumi, pengine tano. Nje kuko watoto wenye homa na wamama wenye mimba. Njo hapo wazo la telefoni linaingia. Zaidi ya miaka 20 sasa, waganga wa nchi mbalimbali wanajaribu kumpa mgonjwa wa namna hii kitu cha kutumia mwenyewe: programu ya kompyuta, programu ya telefoni, sauti iliyorekodiwa, ama ujumbe wa kila wiki. Huku kwetu pia maneno hayo yanaanza kusikika katika semina, na wengi wanayapokea kwa furaha juu wataalamu ni wachache mno. Katika makala hii tunataka kuangalia upande ambao semina zinausahau, upande wa mgonjwa mwenyewe.

Kwanza, tunaongea juu ya nini?

Tusichanganye vitu. Kuko programu za masomo. Hizo zinafuata tiba ya mazungumzo inayofundisha mtu kuangalia fikra zake na kubadilisha matendo yake kidogo kidogo. Ya kujulikana sana ni MoodGYM, ambayo chuo kikuu cha taifa cha Australia kiliianzisha mwaka wa 2001. Mtu anasoma somo, anajibu maswali, anapewa kazi ya kufanya nyumbani.

Kuko sauti na picha, ambazo hazimuombi mtu kujua kusoma. Kuko mashine za kuongea nazo kwa kuandika, zinazojibu kama vile ni mtu. Vijana wa mijini wanazijua vizuri, wengine wanazieleza mambo ambayo hawajawahi kumwambia hata kaka yao. Na kuko njia ya kawaida kabisa, ambayo watu hawaiiti teknolojia: muuguzi anapiga telefoni kwa mgonjwa na kumuuliza jinsi alivyolala.

Hii ya mwisho tuikumbuke, tutairudia.

Uingereza walianza mbele, na wagonjwa waliwafundisha

Watu wengi wanafikiri kwamba mgonjwa wa kwetu anakataa hivi vitu juu hajasoma, ama rezo ni mbaya. Basi tuangalie kwanza nchi yenye umeme, intaneti na watu waliosoma.

Mwaka wa 2006 taasisi inayotoa mashauri kwa huduma ya afya ya serkali ya Uingereza ilishauri wagonjwa wenye huzuni ya kiasi kidogo na cha kati wapewe programu ya kompyuta iitwayo Beating the Blues. Foleni ya kungojea mtaalamu wa mazungumzo ilikuwa ndefu, na programu ingepunguza foleni. Hesabu ilionekana safi.

Halafu watafiti wakaenda kuangalia kwa waganga wa kawaida wa mitaa, ambako wagonjwa wanafika kwanza. Walichukua wagonjwa 691 kutoka vituo 83. Kundi moja walipewa matunzo ya kawaida ya mganga wao. La pili walipewa matunzo hayo pamoja na Beating the Blues, na la tatu matunzo hayo pamoja na MoodGYM. Matokeo yalitoka mwaka wa 2015. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya watu katika kila kundi walikuwa bado na huzuni ya ugonjwa. Programu hazikuongeza kitu cha maana juu ya matunzo ya kawaida.

Sababu iko katika hesabu moja ndogo. Beating the Blues ilikuwa na masomo nane. Mgonjwa wa katikati, ukiwapanga wote kwa mstari, alimaliza mawili. MoodGYM ilikuwa na sehemu sita. Mgonjwa wa katikati alimaliza moja. Watu waliweka nguo, wakakaa mbele ya kompyuta, wakafungua mlango wa kwanza, kisha wakaacha.

Wagonjwa wa namna hii walipoulizwa, walieleza vitu ambavyo mtu wa Uvira ama Butembo ataelewa bila kutafsiriwa. Mtu mwenye huzuni hana nguvu ya kujisukuma, na mashine inamuomba njo yeye ajisukume. Maswali ni ya watu wote, hayajui kwamba yeye amefiwa ama amefukuzwa kazi. Na wengine waliona kwamba wametumwa kwa kompyuta ili wasisumbue watu. Tena tuwe wa haki: kuko wagonjwa waliopenda. Walipenda kujifunza usiku watu wakiwa wamelala, kurudilia somo bila haya, kutokuonekana kwenye chumba cha kungojea. Mara nyingi ni mtu yule yule aliyesema yote mawili, kwamba ni vizuri kuwa peke yako na ni vibaya kuwa peke yako.

Watafiti hao hao walirudi na swali lingine: je, tukiweka mtu? Katika utafiti wa pili, uliotoka mwaka wa 2017, wagonjwa 369 walipewa MoodGYM. Nusu waliachwa karibu peke yao, nusu walipigiwa telefoni na mtu aliyewaongoza katika masomo. Baada ya miezi minne hawa wa pili walikuwa na hali nzuri zaidi. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa imepungua sana, hilo pia tuliseme. Lakini masomo yalikuwa yale yale. Kilichoongezwa ni sauti ya mtu. Mwaka wa 2023 taasisi ile ilipokubali programu kadhaa mpya zitumike, ilitaka mtaalamu amfuate mgonjwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Aru

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande unaotazamana na Aru yetu, walijaribu kitu ambacho sisi watu wa radio tunakielewa haraka. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha kozi ya kutuliza mawazo ambayo karibu yote iko ndani ya sauti iliyorekodiwa. Wanaiita Self-Help Plus. Ni vikao vitano, kila kimoja kama saa mbili, pamoja na kitabu cha picha.

Wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini, kutoka vijiji 14, waliingia katika utafiti huo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Hawakupewa telefoni waende nayo nyumbani. Walikaa pamoja, watu 20 hadi 30, wanawake na wanawake, wakasikiliza kwa Kiarabu cha Juba, lugha wanayoongea sokoni. Waongozaji wawili walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, si wataalamu. Kazi yao ilikuwa kufungua sauti, kuisimamisha, kuonyesha zoezi, kuongoza mazungumzo mafupi.

Wanawake waliofuata kozi walionyesha mateso ya moyo kidogo kuliko wale ambao hawakuifuata, mara moja baada ya vikao na hata miezi mitatu baadaye, ijapokuwa tofauti ilikuwa inapungua. Hiki ni kifaa pia. Kina sauti, kinajirudilia, hakichoki. Lakini angalia kilivyowekwa: mkeka, watu wanaofahamiana, lugha ya nyumbani, na mtu wa kumuuliza.

Lebanon ilifuata njia ya katikati. Wizara ya afya ya huko pamoja na Shirika la Afya Duniani walitengeneza programu ya telefoni yenye hadithi ya picha, vikao vitano, kwa Walebanoni na kwa wakimbizi wa Siria. Kila wiki msaidizi alimfuata mtu kwa telefoni ama kwa ujumbe, kama dakika 15 tu. Matokeo yaliyotoka mwaka wa 2022 yalionyesha huzuni imepungua kwa walioitumia. Vilevile watu wengi waliacha njiani, hata na msaidizi. Kwa hiyo dakika 15 za mtu zinasaidia, hazifanyi muujiza.

Na sisi wenyewe tuna ushuhuda. Katika Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulifuata wanawake 405 waliobakwa na waliokuwa na mateso makubwa ya moyo. Katika vijiji saba, wanawake 157 walipata tiba ya mazungumzo, kikao kimoja peke yao na 11 katika kundi. Katika vijiji vinane, 248 walipata usaidizi wa mtu mmoja mmoja. Walioongoza walikuwa wasaidizi Wakongomani, na masomo yalibadilishwa ili hata asiyejua kusoma aweze kuyashika kwa kichwa. Miezi sita baada ya tiba, wenye dalili kubwa za huzuni ama wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 katika kundi la tiba, na 42 kwa 100 katika kundi lingine. Hapo hakuna telefoni hata moja. Ninaitaja juu mtu akija kutuambia kwamba Wakongomani wa vijijini hawawezi tiba ya mazungumzo, na kwamba tukubali programu kwa kukosa kingine, jibu liko tayari.

Telefoni ni ya nani?

Programu zote za huko zinaanza na wazo kwamba telefoni ni ya mtu mmoja. Kwetu, telefoni kubwa ya nyumba ni ya papa. Mama anaishika wakati ndugu wanapiga kutoka Kampala, watoto wanaishika kwa michezo, na usiku inarudi kwa mwenyewe. Mama mwenye telefoni yake mara nyingi ana ile ndogo ya vifungo, ambayo haifungui programu yoyote. Sasa ujumbe unafika saa moja usiku: «Habari, leo mawazo yako yakoje?» Nani anausoma kwanza?

Kwa mwanamke aliyebakwa na ambaye hajamwambia bwana yake, ujumbe huo mmoja unaweza kuvunja nyumba. Na mwenye kusafiri anajua kwamba kuko vizuizi barabarani ambako wanaomba kuangalia telefoni. Mtu anafuta picha, anafuta mazungumzo, anafuta hata namba. Programu inayoandika ndani mambo yaliyompata ni mzigo mwingine wa kuogopa.

Halafu kuko gharama. Mega zinanunuliwa, na kuchaji kwenye kibanda kunalipwa. Mgonjwa aliyehama vita anahesabu mega na unga kwenye mfuko mmoja. Muuguzi akimwambia «pakua hii», yeye anasikia «nunua hii», kama vile dawa ambayo haiko kwenye famasi ya kituo.

Na kuko jambo ambalo halimo katika tafiti nilizosoma. Shangazi yangu, baada ya kukimbia mara ya pili, hakutaka tena kushika telefoni. Ikilia anaondoka. Kwake, telefoni ilikuwa ni kitu cha kuleta habari za vifo. Ungemwambia aitumie kutuliza moyo angekuangalia kama mtu asiyemjua.

Siri inaenda wapi

Wagonjwa wanauliza: maneno yangu yanakaa wapi? Wengine wanacheka swali hilo. Wasicheke. Mwaka wa 2020 huko Finland, nchi tajiri yenye sheria kali, ilijulikana kwamba mwizi wa kompyuta alikuwa amechukua faili za wagonjwa wa kampuni ya tiba ya mazungumzo, Vastaamo. Yalikuwa maandishi ya yale watu walimwambia mtaalamu wao kwa siri. Wagonjwa kama 33 000 waliguswa, na wengi waliandikiwa moja kwa moja: lipa pesa ama tunatangaza. Mwizi alihukumiwa mwaka wa 2024 kifungo cha zaidi ya miaka sita, lakini maneno yalikuwa yametoka tayari.

Huko Marekani mwaka wa 2023 idara ya serkali inayolinda wanunuzi iliilazimisha kampuni ya BetterHelp kulipa dola milioni 7,8, juu ilikuwa imepitisha habari za watu waliotafuta msaada wa moyo kwa makampuni ya matangazo, kama Facebook na Snapchat. Hapo hakuingia mwizi. Ni mwenye nyumba mwenyewe.

Tukumbuke pia kwamba siri kwenye kituo cha afya si kamili. Pazia ni jepesi, daftari la wagonjwa liko mezani, na msafishaji ni jirani. Kuko mgonjwa ambaye kwake telefoni ni salama kuliko kituo, zaidi sana kijana anayeogopa kuitwa mwenda wazimu kwenye avenyu yao. Hapo kifaa kina kazi ya kweli, na tusimfunge mlango.

Lugha, na ushauri wa kutembea kwenye bustani

Nilijaribu mwenyewe programu moja ya Kifaransa, kwa wiki mbili. Ilinishauri nitoke jioni peke yangu, nitembee polepole kwenye bustani, nisikilize ndege. Kwenye kartye yangu jioni hakuna anayetoka peke yake, na milio tunayosikiliza wakati huo si ya ndege. Nilicheka, halafu nikaelewa mgonjwa anayeacha baada ya somo moja: si mashauri mabaya, ni mashauri ya mtu mwingine.

Hata Kiswahili peke yake hakitoshi. Neno «afya ya akili» linamfanya mtu wa kijiji afikirie kichaa wa barabarani, anaondoka. Yeye alikuja juu ya «mawazo mingi», juu ya «roho inauma», juu ya «usingizi umenikimbia». Zimbabwe walielewa hilo mapema: kwenye mabenchi ya urafiki ya Harare, ambako wabibi waliofundishwa wanawasikiliza wagonjwa nje ya vituo vya afya, wanatumia neno la Kishona kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sauti iliyorekodiwa kwa Mashi, Kinande, Kihema ama Kilendu, na mtu wa pale pale, itasikilizwa kuliko programu nzuri ya Kiswahili cha vitabu.

Ukipewa kifaa kama hicho

Kama muuguzi anakupa programu ama sauti, una haki ya kumuuliza mambo bila kuonekana mkaidi. Nani anaweza kuona ninachoandika? Inatumika bila mega? Ninaweza kuifuta na ikafutika kweli? Nani atanipigia ama nirudi kwako lini? Swali hili la mwisho njo kubwa. Akijibu kwamba hakuna anayekufuata, ujue umepewa kitabu, haujapewa matunzo. Kitabu kinaweza kusaidia. Lakini usijilaumu ukikiacha kwenye ukurasa wa pili. Umeona Waingereza walifanya hivyo hivyo.

Mwambie pia ukweli juu ya telefoni yako: ni ya nani, inashikwa na nani, saa gani uko peke yako. Muuguzi mwenye busara atakubaliana nawe neno la kuficha, mfano «unga umefika?» badala ya «moyo unaendeleaje?».

Mashine zinazojibu kwa maandishi zinahitaji uangalifu zaidi. Hazikujui, hazijui kinachoendelea kwenye kartye yenu, na zinaweza kufungwa wakati wowote. Woebot, moja ya zile za kwanza kujulikana, ilifungwa na wenyewe tarehe 30 Juni 2025.

Kuko hali ambazo si za telefoni hata kidogo. Mtu anayesema anataka kujiua, anayegawa vitu vyake kama anayeaga, aliyeacha kula, anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, ama mzazi aliyetoka kujifungua anayeogopa kumdhuru mtoto: huyo asiachwe peke yake, asindikizwe kwenye kituo siku hiyo hiyo. Kituo kikishindwa kinamtuma kwenye hospitali kuu ya zoni ya afya, na kutoka hapo kwa wataalamu kama wa SOSAME huko Bukavu ama Tulizo Letu huko Goma.

Nani ananunua krediti?

Tulisema tutarudia ile telefoni ya kawaida, ya muuguzi kumpigia mgonjwa. Kwa yote tuliyoyaona, hiyo ingeweza kuwa ya kwanza: haiombi kusoma, haiachi maandishi, inaingia hata kwenye telefoni ndogo ya vifungo, na ni sauti ya mtu anayejulikana. Nchi yetu ina zoni za afya 519, na katika kila moja kuko wauguzi na wahamasishaji wa kijiji ambao watu wanawaita kwa majina.

Lakini muuguzi anapiga na telefoni yake, kwa krediti yake, mara nyingi bila mshahara wa kueleweka. Mgonjwa kumi, dakika kumi kila mmoja, kila wiki. Katika bajeti za miradi kuko pesa za kutengeneza programu, za tableti, za semina kwenye hoteli. Mstari wa krediti ya muuguzi ni ule ambao mkaaji yeyote anayekaa kwenye kamati ya afya ya eneo lake anaweza kuuliza, mradi ukija: umeandikwa ukurasa gani?